Mistari Sita Niliyoichora Kuanzia Juu

Mwanangu Mkawasi,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako kule mall ya Bloomington, umesema utarudi kabla ya saa mbili, nami nimekuamini. Cheka ukitaka. Najua baba yako kukuamini bila kuuliza umepanda gari la nani ni habari ya kutangazwa kanisani. Hata hivyo nilisimama dirishani. Nikaliona gari lile jekundu, nikaanza kusoma namba zake, halafu nikajikamata nikaondoka. Tabia haiachwi kwa siku moja.

Sitakuandikia habari za koti zito wala dawa za mafua. Hayo umeyasikia mpaka umechoka, na ukichoka unaniambia "Dad, chill", nami nachill. Barua hii naiweka juu ya mto wako uisome leo, kabla hujalala, kwa sababu kesho saa tatu asubuhi, kabla hatujaelekea uwanja wa ndege kwa safari yako ya chuo, kuna jambo litatokea mlangoni petu, na sitaki likukute hujui. Nimeandika Kiswahili makusudi. Nikisema Kiingereza huwa naonekana mtu mwema kuliko nilivyo. Isome polepole, kama ulivyokuwa ukisoma nyimbo za kanisani, kidole chini ya neno.

Nianze na Mzee Shen. Unamkumbuka, yule Mchina wa Maplewood niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake, aliyekupa machungwa manne siku ile nilipokuchukua kazini kwa sababu shule imefungwa kwa theluji. Nilimwogesha, nikampikia uji wake wa mchele, nikampa dawa, na kila nilichofanya nikakiandika kwenye fomu, mstari kwa mstari, maana kazi yetu ndivyo ilivyo: kisichoandikwa hakikutendeka. Alikuwa mwalimu wa hesabu zamani. Mikono yake ilikuwa inatetemeka sana, kijiko hakifiki kinywani bila kumwagika, lakini akili ilikuwa kali kama wembe.

Alikuwa na kitabu cha zamani cha kwao, chenye tafsiri ya Kiingereza, cha kuulizia mambo. Kila Jumatatu asubuhi aliuliza swali moja. Kwa kuwa mikono yake haikuweza, mimi ndiye niliyerusha sarafu. Mara ya kwanza nilikataa. Nilimwambia, "Mzee, mimi ni Mkristo, Mtaita wa kubatizwa na kupewa kipaimara." Akaniangalia. "Sarafu hazina habari na hilo," akasema. "Rusha."

Nikarusha, huku naomba moyoni. Nilishuku kila kitu: sarafu zenyewe zilizotobolewa katikati, kitabu, hata yule mzee. Nikashuku kwamba ananipima. Lakini kazi ni kazi.

Nikueleze inavyokwenda, vinginevyo hutaelewa nilichofanya. Una sarafu tatu, unazirusha mara sita. Kichwa ni tatu, upande wa pili ni mbili. Jumlisha: utapata sita, saba, nane au tisa. Saba ni mstari mzima. Nane ni mstari uliokatika katikati. Hiyo miwili imetulia. Ila sita na tisa ni mistari inayogeuka: sita ni uliokatika lakini uko mbioni kuungana, tisa ni mzima lakini uko mbioni kukatika. Ukimaliza una mchoro wa mistari sita, na kila mchoro una jina. Ukiigeuza ile inayogeuka, unapata mchoro wa pili wenye jina jingine. Wa kwanza ni pale uliposimama. Wa pili ni unakoelekea.

Mimi nilikuwa naita namba kwa sauti huku nikigeukia jikoni kuangalia uji, naye anachora kwa ule mkono wake unaotetemeka. Nikirudi mchoro uko tayari. Kumbuka hapo: mchoro nilikuwa nauona ukiwa umekwisha. Sikuwahi kumwona anaanzia wapi.

Nilimwuliza siku moja maana ya yote. Akasema watu wote hukimbilia mchoro wa pili, wanataka kujua mwisho wa hadithi. "Wewe tafuta mstari unaogeuka. Huo ndio unaosema nawe. Jina la mchoro ni la nyumba nzima, mstari ni mlango uliogongwa." Nikamwuliza, je, ikigeuka mitatu au minne kwa pamoja? Akakuna kichwa. Alisema hapo hata wakubwa wao hawakubaliani, kila mmoja ana kanuni yake, na anayekuambia ana uhakika mshuku. Loo, nilimpenda mzee kwa neno hilo. Hatimaye nikapata mtu wa dini yangu.

Maana dini yangu ya kweli, mwanangu, ilikuwa shaka. Mtu mwenye shaka hakosi methali. Kikulacho ki nguoni mwako. Lisemwalo lipo. Dalili ya mvua ni mawingu. Hizo nilikuwa nazo mfukoni kama funguo, na zote nilizitumia kwa mama yako.

Hili hulijui lote. Mama yako alikuwa akifanya kazi hospitali, zamu za mchana, nami nikawa nasoma maili za gari lake. Nilijua nyumbani mpaka kazini na kurudi ni maili ngapi. Jumanne na Alhamisi zilizidi. Nikiuliza, anasema alipitia mahali. Mahali gani? Mahali tu. Nikanunua daftari, nikawa naziandika: tarehe, maili za asubuhi, maili za jioni, alivyojibu, alivyoniangalia alipojibu. Nilificha daftari chini ya kiti cha dereva cha gari langu, mjinga mimi, na siku gari lake lilipogoma akaendesha langu. Alilikuta. Hakupiga kelele. Aliliweka mezani mbele yangu, akasema, "Baba Mkawasi, umeniandika kama mgonjwa."

Hakuwa na mtu. Naandika hivyo kwa mkono wangu ili usije ukabaki na swali: mama yako hakuwa na mtu. Jumanne na Alhamisi alikuwa akimpeleka Mama Zawadi, yule mama mnene wa kwaya, kusafishwa damu. Mama Zawadi hakutaka kanisa lijue anaumwa figo, alimwapisha mama yako asiseme, naye hakusema. Alikuwa tayari kushukiwa kuliko kuvunja siri ya mwenzake. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemhesabia maili.

Akaenda Texas kwa binamu yake. Tulikubaliana wewe ubaki mpaka shule zifungwe. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Shule zikafungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena, mimi kila mara nikiwa na sababu: mwalimu wako mzuri, kwaya yako, joto la Texas. Kila Jumapili alipiga simu. Wewe ulikuwa ukimjibu "I'm good, thanks" kama mtu anayezungumza na benki. Nilikusikia, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Sasa fika na mimi kwenye ile Ijumaa, ulipokuwa na miaka kumi na minne. Mjomba wako Mwakio alikuwa amenipigia simu mara mbili wiki ile, na mara zote mbili alikata kabla hajasema analotaka. Nikashuku. Nikajua kuna kitu kinapikwa. Nilikuwa nimeshapiga picha kwa simu kurasa za mwanzo za kitabu cha Mzee Shen, zile zenye michoro yote na majina yake. Nikatoa sarafu tatu za shilingi ishirini kwenye kopo la vifungo, nikakaa pale mezani, nikauliza: huyu mwanamke anataka nini kwangu?

Tazama swali lenyewe.

Saba, saba, saba, nane, saba, sita. Nikachora kwenye daftari kama ninavyojaza fomu kazini: wa kwanza juu kabisa, wa pili chini yake, hadi wa sita chini kabisa. Nikautafuta mchoro wangu kwenye simu. Jina lake: Ugomvi. Kwenye maelezo mafupi, habari za kesi na kushtakiana. Nikaugeuza mstari ule wa sita, nikatafuta mchoro wa pili. Huo unahusu mtu anayekanyaga mkia wa chui milia. Mkawasi, nywele zilinisimama. Ugomvi, kisha chui! Sikutafuta kabisa maneno ya mstari unaogeuka. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Nikasema, haya, mama huyu ananipeleka kortini kuninyang'anya mtoto.

Jumamosi wewe ulikuwa umeondoka alfajiri na basi la shule, shindano la kwaya. Mimi nimetoka zamu, nimeingia ndani, hata viatu sijavua. Nikasikia milango ya gari. Chumba chako ndicho kinachotazama barabara, nikaingia humo, nikasogeza lile pazia lako la maua kidogo, kidole kimoja tu. Watu watatu wanapanda ngazi zetu. Mjomba Mwakio, tai shingoni, Jumamosi, na bahasha ya kaki mkononi. Mama Zawadi anapanda kwa taabu, ameshikilia chuma cha ngazi. Na katikati yao mama yako, amebeba kitu kilichofunikwa kwa leso.

Niliona bahasha peke yake. Nikasema, ndiyo hiyo. Karatasi za korti, na wamekuja na mashahidi wawili.

Wakagonga. Mjomba wako akaita, "Hodi! Shemeji, hodi hapa!" Kwa Kitaita kisha kwa Kiswahili. Sikujibu. Wakagonga tena. Ilikuwa baridi ile ya kuuma masikio. Mama yako alirudi nyuma hatua mbili akaangalia juu, hapo hapo kwenye dirisha nililokuwa nimesimama, nami nikaliachia pazia. Wakakaa muda. Halafu nikasikia milango ya gari tena.

Nilipofungua baadaye, nilikuta hotpoti ya kijani juu ya ngazi, imefunikwa kwa leso, na ndani yake chapati, bado za moto. Nilishuku hata chapati. Nilizitupa. Hotpoti nikaiosha nikaiweka kabatini, nikakuambia imetoka kwa mama mmoja wa kanisa. Ni ile ile uliyoipakia jana kwenye boksi lako, ukaizungushia taulo isije ikapasuka.

Jumatatu nilikwenda na daftari langu kwa Mzee Shen. Nilitaka anieleze habari za chui. Akalitazama. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, mpaka nikampa maji. "Wewe," akasema, "kwenu mnaanza nyumba kwa paa?"

Ndipo aliponiambia mistari huanzia chini, mwanangu. Wa kwanza chini, wa sita juu. Akaligeuza daftari langu kichwa chini miguu juu, akaweka kidole. Mchoro wangu haukuwa Ugomvi hata kidogo. Ulikuwa Kungoja. Na ule mstari wa sita, unaogeuka, sasa ukiwa juu kabisa, alisema unahusu wageni wasioalikwa. Wangapi? Watatu. Ufanye nini? Uwaheshimu, mwisho utakuwa mzuri.

Nilimwambia nyumbani tuna msemo, mgeni njoo mwenyeji apone. Akauliza maana yake. Nikamweleza, kisha nikajifanya naenda kuangalia uji.

Ungedhani siku ile ile ningempigia mama yako. Sikumpigia. Unajua nilifanya nini? Nilimshuku Mzee Shen. Nikiwa njiani nikajiambia, alijuaje watatu? Labda Mwakio amempigia simu. Ebo! Mzee wa miaka themanini na kitu, asiyejua hata nina shemeji! Yaani nilikuwa tayari kuamini karatasi iliyogeuzwa ikinitisha, lakini ilipokaa sawa na kunipa habari njema, nikataka ithibitishwe. Nimefikiri sana juu ya hilo. Siku hizi nasema makosa ya mistari yalikuwa madogo. Hata ningechora sawa, nina wasiwasi ningepata njia nyingine ya kutofungua. Ningesema wageni wasioalikwa ni wezi.

Jumapili iliyofuata Mama Zawadi alinisubiri kwenye maegesho ya kanisa. "Ulikuwa ndani," akasema. "Usinibishie. Theluji ilikuwa inayeyuka juu ya boneti ya gari lako, injini bado ya moto." Ndipo akaniambia habari za Jumanne na Alhamisi, na ndipo akaniambia kilichokuwa kwenye ile bahasha. Ilikuwa barua ya kazi. Mama yako alikuwa amepata kazi hospitali huku Maplewood. Alitaka kurudi nyumbani, Mkawasi. Alikuja na kaka yake na mama mtu mzima kama desturi yetu inavyotaka watu waliokosana wapatanishwe, akaja na chapati, akaja na barua ya kuonyesha kwamba hatanii. Mlango ulipokataa, aliikataa kazi ile, akarudi Texas.

"Jambo hili mwambie mtoto wewe mwenyewe," Mama Zawadi akasema. "Si langu kulisema." Amelinyamazia miaka minne. Kila Jumapili akinipa mkono anauminya, nami najua maana yake.

Kwa nini sikukuambia? Niliogopa ungeenda kwake. Ndivyo hivyo tu, hakuna jingine. Ningeweza kupamba nikasema nilingoja ukue, lakini ningekuwa nakudanganya tena. Nilikuficha habari za mama yako ili ubaki na mimi, nawe ukabaki, ukanipikia, ukanicheka, ukaniwekea chumvi kwenye ngazi ili nisianguke. Nimeishi miaka minne mizuri kwa mali ya wizi. Siku ile ulipokuwa ukiosha hotpoti ukasema kwa Kiingereza chako, bila hata kuniangalia, kwamba kama mama angekutaka angekuja, nilitaka kusema. Nikasema, "Usisahau kifuniko."

Wiki iliyopita nikampigia. Nilimweleza kila kitu, kuanzia sarafu mpaka leso. Halafu akasema, "Baba Mkawasi, lile pazia. Nilidhani ni mtoto."

Sikuelewa. Akarudia. Alikuwa ameangalia juu akaona pazia la chumba chako linacheza. Miaka minne yote mama yako ameamini kwamba wewe ndiye uliyekuwa nyuma ya pazia, kwamba ulimwona amesimama kwenye baridi na ukaamua kutomfungulia. Ndiyo maana hakukuuliza kamwe. Ndiyo maana alimkataza Mjomba Mwakio asikusumbue kwa habari hiyo, na ndiyo maana mjomba wako akapoa kwako, nawe ukabaki ukijiuliza umemkosea nini. Kila ulipomjibu "I'm good, thanks", alikuwa anasikia mlango ule ule. Na alipiga tena Jumapili inayofuata.

Nilimwambia, "Mama Mkawasi, yule alikuwa mimi. Mtoto alikuwa Rochester, anaimba." Akalia, nami nikalia, mimi mtu mzima, kwenye maegesho ya kazini, dirisha la gari limefungwa. Nikamwambia siku ya safari yako. Nikamwambia njoo. Aliniuliza jambo moja tu: "Na safari hii atafungua?"

Zamani ningerusha sarafu. Mzee Shen alifariki mwaka jana, nadhani nilikuambia, na watoto wake walinipa zile sarafu zake zenye tundu. Zimo kwenye droo ya jikoni. Jana nilizitoa, nikazishika mpaka zikapata joto, nikazirudisha. Sikuuliza. Ningepata jibu baya ningeanza kulinda mlango, ningepata zuri ningelishuku. Hili lako si la sarafu.

Mama yako yuko kwa Mwakio, kule kule Bloomington, tangu jana. Ulipokuwa Bloomington leo mlikuwa mji mmoja. Kesho saa tatu watakuja watatu, kama siku ile. Huna deni lolote kwangu la kufanya nionekane mzuri. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, ninastahili, na utanikasirikia hata ukiwa huko chuoni, simu yangu itakuwa wazi. Ukiona huwezi kumtazama, sema, nitatoka mimi nimweleze pale pale kwenye ngazi. Ila usimhukumu kwa lile ambalo ni mimi niliyelitenda.

Hotpoti nimeitoa kwenye boksi lako, samahani, nimeiweka mezani. Na ukiingia chumbani utaona dirisha liko tupu. Pazia nimelishusha nimelifua, linakauka bafuni.

Kesho wakibisha hodi mimi nitakuwa jikoni, nimeupa mlango mgongo, nakanda unga wa chapati. Sitachungulia. Nitakuwa nasikiliza tu kama kitasa kinazunguka.

Baba yako